Pimeni Pumzi ya Injini Kabla ya Kuuziana

Ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya tungo, ngoma na mila zetu. Leo mtaniwia radhi nikiwaingiza gereji. Ninayo hoja moja nataka kuisimamia. Mtu anayeuza gari kuukuu bila kupima pumzi ya injini yake, silinda moja baada ya nyingine, anauza asichokijua. Na aliyepima kisha akaificha hesabu aliyoipata, huyo ni mwizi aliyevaa kanzu. Najua maneno haya ni makali. Nitaeleza yametoka wapi.

Mtaani kwetu yuko mjane ambaye marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba viwili, watoto watatu wanaosoma, na gari aina ya Peugeot 404 la rangi ya maziwa. Gari lilisimama chini ya mkungu tangu siku za eda yake. Mwezi wa Rajabu uliopita akatokea dalali mmoja, akaomba ufunguo, akaliwasha. Likawaka kwa taabu, likawa latikisika kama mtu mwenye homa, na kila likijaribu kutulia laruka pigo moja. Dalali akazima, akapangusa mikono, akasema: "Pole, mama. Injini hii imekwisha. Nitakutolea shilingi 35,000, nilichukue kwa ajili ya milango na vioo."

Yule bibi alikuja nyumbani kwangu baada ya Isha, amefuatana na mwanawe wa kiume. "Kakangu," akaniambia, "wewe ndiwe uliyekuwa ukipanda gari hili pamoja na marehemu. Ni kweli limekufa?"

Nikamjibu kwamba sijui, na dalali naye hajui, maana hakupima kitu. Alisikiliza tu, na sikio la mtu anayetaka kununua rahisi husikia kifo upesi sana.

Watu wa rika langu hawana haja ya kuelezwa 404 ni gari gani. Lilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na huku kwetu likajipatia jina katika mashindano ya Safari: lilishinda mwaka 1963, kisha likashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mimi nalilijua kabla sijajua kusoma magazeti. Lile la mkia mrefu ndilo lililokuwa likichukua abiria, na wengi wetu tulikaa ndani yake utotoni tukingoja kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, tumebanana na makapu ya maembe huku dereva akizima injini kuhifadhi petroli. Alipotaka kuiwasha tena, ilikubali kwa mguso mmoja. Tulidhani ni uhodari wa dereva. Kumbe ilikuwa ni kompresheni.

Hilo ndilo neno la mafundi wetu. Vitabuni huandikwa mgandamizo. Mimi huita pumzi, kwa kuwa kila aliyewahi kuweka kidole gumba juu ya tundu la plagi huku mwenzake akizungusha injini, na akahisi hewa ikimsukuma kidole, anajua kwamba ile ni pumzi.

Injini ya petroli hufanya kazi nne kwa zamu: huvuta hewa na petroli, huibana, huichoma, kisha hutoa moshi. Hiyo ya pili, ya kubana, ndiyo watu huisahau, na ndiyo yenye siri ya nguvu yote. Mwaka 1860 Étienne Lenoir alitengeneza kule Paris injini iliyochoma gesi bila kuibana kwanza. Ilizunguka, lakini ilikula gesi nyingi na kazi yake ilikuwa ndogo. Miaka 16 baadaye, 1876, Mjerumani Nikolaus Otto akaunda injini inayobana kwanza ndipo ikachoma, na tangu hapo dunia haikurudi nyuma. Moto ni ule ule na gesi ni ile ile. Kilichozidi ni kubanwa.

Katika 404 kila silinda inameza takriban sentimita za ujazo 404, na mkizidisha kwa nne mtapata zile 1,618 zilizoandikwa katika karatasi za gari. (Mafundi hupenda kusema kwamba ndiyo maana likaitwa 404. Si kweli, ni bahati tu, kwani mtengenezaji ana desturi yake ya kuweka sifuri katikati ya majina ya magari yake. Lakini ni bahati nzuri.) Hewa hiyo pistoni huibana mpaka ibaki kama sehemu ya saba au ya nane ya nafasi iliyokuwa nayo, kutegemea mwaka wa gari. Ili ibanike, milango yote lazima ifungwe barabara: ringi zishike ukuta wa silinda, valvu mbili zikae sawa katika viti vyake, na hedi gasketi iwe nzima. Mlango mmoja ukivuja, hewa hutoroka na nguvu hutoroka nayo. Hakuna plagi mpya wala kabureta iliyosafishwa itakayoirudisha.

Basi nalikwenda kumtafuta mzee mmoja, fundi wa zamani, ambaye gereji yake ni uwanja wa mchanga chini ya mwarobaini huko Majengo. Umri wake umepita sabini. Vijana wa siku hizi hupita kando yake kwa sababu hana kompyuta ya kuchomeka garini. Ana kisanduku cha mbao, na ndani yake, kimefungwa kwa kitambaa cha kikoi kilichochakaa, kuna geji ya kupimia kompresheni yenye mpira na skurubu ya shaba.

"Gari lenyewe lawaka?" akaniuliza.

"Lawaka, ami, lakini lalalama."

"Linalolalama halijafa. Kesho alasiri nitakuja. Betri nipe leo."

Betri ndiyo jambo la kwanza, na hapo ndipo wengi hupotea. Betri dhaifu huzungusha injini polepole, hewa ikapata wasaa wa kuponyoka, geji ikasoma chini, na injini nzima ikahukumiwa kuwa mbovu kwa dhambi ya betri. Mzee akailaza betri katika chaji usiku kucha. Siku ya pili akaiwasha injini na kuiacha mpaka ikapata moto wake wa kawaida, maana chuma kikipata moto hutanuka na ringi hukaa mahali pake. Ukipima injini baridi umepima injini nyingine.

Kisha akazima. Katika 404 plagi zimezama ndani ya visima virefu juu ya injini, na gari lililolala chini ya mkungu huwa limekusanya vumbi, mchanga na vipande vya majani katika visima hivyo. Akavipuliza vyote kwa upepo wa pampu kabla ya kufungua hata plagi moja. Mwenye haraka hufungua tu, taka zikaanguka ndani ya silinda, na kipimo cha kutafuta ugonjwa kikawa ndicho kilicholeta ugonjwa. Akazitoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda zake. Akachomoa waya wa koili ili cheche isiruke. Akanigeukia: "Ingia ndani, mwanangu. Kanyaga akseleta mpaka chini, usiiachie."

Hilo nalo lina sababu. Akseleta ikiachwa, mlango wa kabureta hubaki umefungwa, injini hukosa hewa ya kuvuta, na kisichovutwa hakibanwi. Nimeona kwa macho yangu mafundi watatu katika gereji tatu wakipima huku mguu umetoka kwenye akseleta, kisha wakamwambia mwenye gari anunue ringi.

Nikakanyaga, yule kijana wa mjane akapiga stata kwa ufunguo kama alivyoelekezwa, na mzee akawa anahesabu pumzi kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Pumzi sita kwa kila silinda, si zaidi kwa hii wala pungufu kwa ile. Akaandika nyuma ya daftari la shule tarakimu mbili kwa kila silinda: pale mshale uliporuka kwa pumzi ya kwanza, na pale uliposimama mwishoni. Akaanza kuhesabu kutoka upande wa flaiwili, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya Peugeot, si kutoka upande wa rejeta kama magari ya Kiingereza, na akaliandika hilo pia ili atakayesoma asikosee.

Silinda ya kwanza paundi 125. Ya pili 120. Ya tatu 70. Ya nne 125.

Sisi tunaotunga tunajua maana ya karatasi kama ile. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na mstari mmoja ukipungua mizani wimbo wote huchechemea, hata kama mingine mitatu imetimia. Ndivyo lilivyokuwa gari lile. Ule mtikisiko aliousikia dalali haukuwa wa injini iliyokwisha. Ulikuwa wa silinda tatu nzima zikimburuta mwenzao mgonjwa.

Fundi mwema haangalii ukubwa wa tarakimu peke yake, huangalia usawa wake. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa. Robo tatu ya 125 ni kama 94. Sabini iko mbali chini yake. Lakini injini yenye silinda nne za 105 kila moja huweza kukutumikia kwa utulivu kuliko hii, ingawa imechakaa zaidi.

Na hapa nataka niweke neno kwa ndugu zetu wanaonunua magari bara. Hewa ya Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi. Uzito wake ni kama asilimia 82 ya hewa yetu ya Mombasa. Injini hubana ile iliyoivuta. Kwa hiyo injini inayosoma 125 hapa Mombasa itasoma karibu 103 ikipimwa Nairobi, na haina ugonjwa wowote. Basi ukiletewa karatasi ya Nairobi usimkatae mtu kwa ajili ya tarakimu ndogo. Na mwenye gari la Mombasa asijisifu kwamba lake lina nguvu kushinda la Nairobi kwa karatasi tu; sehemu ya sifa hiyo ni ya bahari.

Nirudi kwa mzee wangu. Kujua kwamba silinda ya tatu ni dhaifu ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua ni mlango gani uliovuja. Kwanza akatazama ile tarakimu ya pumzi ya kwanza. Ringi zikiwa mbovu, mshale huanza chini kisha hupanda kidogo kidogo kila pumzi. Valvu ikiwa mbovu, huanza chini na kubaki chini. Huu ulibaki chini. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, shuku hedi gasketi iliyoungua katikati yao. Lakini ya pili na ya nne, majirani wa hii ya tatu, zilikuwa nzima.

Hata hivyo hakuridhika na dhana. Akatia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu, akaizungusha injini taratibu ili ienee, kwa sababu injini ya 404 imelazwa digrii 45 na oili huelemea upande mmoja. Akapima tena. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda, hivyo kama ugonjwa ni wa ringi tarakimu hupanda sana. Ilipanda kutoka 70 hadi 75 tu. Basi ringi hazina makosa.

Akafungua kifuniko cha juu akapima nafasi ya tapeti. Ile ya valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imebana kabisa, haina hata upenyo wa kuingiza karatasi. "Hii hapa," akasema. "Valvu isiyopewa nafasi haifungi, na isiyofunga huungua." Akailegeza kama inavyotakiwa, akapima kwa mara ya tatu. 80. Imechelewa kulegezwa, kiti kimeshaungua.

Kwa yakini ya mwisho akatoa plagi kuukuu aliyoichimba moyo na kuilehemu mpira, akaifunga pale, akaifikisha pistoni juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, akatia gia ili injini isizunguke, akapeleka upepo. Kisha akatuita tusikilize. Hewa ikivuma kwenye kabureta, mbaya ni valvu ya kuingizia. Ikivuma pale pa kujazia oili, ni ringi. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi. Yule kijana akainama nyuma ya gari, akaweka sikio karibu na ekzosi, akasimama na macho yamemtoka: "Yapiga mluzi, babu!"

Kazi yote, tangu kupuliza visima mpaka mluzi ule, ilichukua chini ya saa mbili. Gari lililohukumiwa na dalali kwa dakika mbili lilikuwa na ugonjwa wa valvu moja. Dawa yake ni kuinua hedi, kuzifunga slivu zisicheze mahali pake, kuweka valvu, kusaga kiti na kutia gasketi mpya. Si kazi ndogo, wala si kaburi.

Sasa nisimulie langu, ili nisionekane mtu wa kuwasema wengine. Miaka kadha iliyopita mimi mwenyewe nalinunua gari kuukuu kwa mtu tuliyekuwa tukiswali safu moja. Sitamtaja, wala sitataja aina ya gari. Injini ilikuwa kimya kama paka aliyeshiba. Sikupima. Naliona haya kumwambia mtu ninayemjua kwamba nataka nilete fundi na geji, nikadhani nitamvunjia heshima. Wiki ya tatu, nikipanda kwenda Mazeras, nyuma yangu kulikuwa na moshi wa buluu hata matatu ikanipigia honi kunihurumia. Fundi alipofungua bolti ya chini, iliyotoka haikuwa oili ya kawaida. Ilitoka dawa nzito, nzito mfano wa asali, ambayo hutiwa katika injini iliyochakaa ili izibe mianya, izime kelele na iinue pumzi kwa siku chache. Ni kijiko kile kile cha oili cha mzee wangu, ila mzee alikitia ili ajue, na yule bwana alikijaza lita nzima ili nisijue.

Nalipokuwa nikilipia ringi mpya nalikumbuka darasa za fikihi tulizosomeshwa utotoni, mlango wa biashara. Mtasema ngamia na gari wapi na wapi. Lakini wale waliofunga chuchu za ngamia au mbuzi kwa siku kadha bila kumkamua, ili kiwele kionekane kimejaa sokoni, walifanya nini zaidi ya hicho? Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza, na akampa mnunuzi siku tatu za kujaribu, na haki ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende. Na pia tulisomeshwa habari ya chungu ya chakula sokoni, namna alivyotia mkono ndani akakuta unyevu chini ya ukavu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona. Geji ni ule mkono unaoingia ndani ya chungu. Hatuna namna nyingine ya kuutia mkono ndani ya silinda.

Wako madalali watakaonijibu kwamba wao huandika katika karatasi ya mauzo: limeuzwa kama lilivyo, mnunuzi ameridhika, hakuna kurudisha. Hapa naomba tusome vizuri. Imam Nawawi, katika Minhaji ambayo wengi wetu tuliisikia ikidarisishwa misikitini, ameleza kwamba muuzaji akijivua na aibu za bidhaa kwa sharti kama hilo, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti humfaa kwa aibu moja tu: aibu ya ndani, ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Wanazuoni wakatoa sababu kwamba mnyama hula, huugua na kubadilika, na ni nadra asiwe na kitu kilichojificha tumboni. Sasa gari si mnyama. Haliugui usiku likaamka limepona. Aibu yake ya ndani inajulikana kwa saa mbili na chombo ambacho bei yake haifiki bei ya tairi moja jipya. Mimi si mufti, na masheikh wakiniona nimekosea watanirekebisha, lakini sioni vipi mtu atajificha nyuma ya karatasi ile na geji ipo.

Na msidhani hoja yangu ni ya kumlinda mnunuzi peke yake. Yule mjane alikuwa muuzaji! Kutopima ndiko kulikokaribia kumnyang'anya mali ya mayatima kwa shilingi 35,000. Ujinga wa injini humtumikia yule aliye karibu zaidi na pesa, awe upande wowote.

Lakini palikuwa na shida, na sitaificha kwa sababu inaharibu hadithi yangu. Yule bibi hakuwa na fedha za kuinulia hedi. Ada za shule zilikuwa zikidaiwa. Alipoelewa kwamba injini ni nzima isipokuwa valvu moja, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kakangu, na huyu atakayekuja kununua, lazima nimwambie hiyo sabini?"

Wallahi swali lile lilinitia uzito. Ni rahisi kwangu mimi mwenye mshahara kumsomea mjane mlango wa biashara. Nikamwambia ndiyo, ni lazima, na nikamwambia kwamba namsikitikia. Mzee fundi, aliyekuwa akinawa mikono kwa sabuni na mchanga, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Andika zote nne, binti yangu. Mtu akiziona zote nne ataiamini na ile sabini."

Karatasi ile ya daftari ikabandikwa kwenye kioo cha mbele: tarakimu nne, hesabu ya baada ya oili, jina la ugonjwa, na tarehe. Mtu wa kwanza akaisoma akaenda zake. Wa pili akaisoma akataka kupunguziwa mpaka karibu na bei ya dalali, akanyimwa. Zikapita wiki mbili, na nakiri kwamba nalianza kupita njia nyingine nisikutane na yule bibi. Wa tatu alitoka Malindi, mtu anayependa magari ya zama zile. Akaisoma karatasi, akaomba kipimo kirudiwe mbele ya macho yake, mzee akaitwa, zikatoka 125, 120, 80, 125. Yule bwana akauliza hiyo themanini imetoka wapi, akaelezwa habari ya tapeti. Akapiga hesabu ya gharama ya hedi, akaitoa katika bei, akalipa kilichobaki. Sitataja kiasi, ni siri ya nyumba ya watu. Nitasema tu kwamba ada za watoto wote watatu zimelipwa hadi mwisho wa mwaka. Kitu alichosisitiza kuchukua pamoja na ufunguo ni ile karatasi.

Basi madai yangu ni haya. Kila gereji ya mtaani inayojiita gereji iwe na geji hii na mtu anayejua kuitumia, akseleta chini na betri imejaa. Wauzaji wa magari yaliyotumika waibandike hesabu kiooni kama wanavyobandika bei. Vyuo vyetu vya ufundi viache kuwafundisha vijana kusoma kompyuta ya gari bila kuwafundisha kwanza kusikiliza hewa. Kompyuta itakwambia silinda ya tatu hairushi pigo, haitakwambia hewa yake inatokea mlango gani. Na wewe msomaji unayekwenda kununua gari la mtu mnayeswali naye, usione haya kama nilivyoona mimi. Mwambie unataka kupima. Akikasirika, umeshapima.

Mzee wa Majengo hana mwanafunzi. Aliyekuwa naye alihamia kazi ya bodaboda, na watoto wake mwenyewe wako Ghuba. Macho yake yanapungua, na tarakimu za geji siku hizi husomewa. Yule kijana wa mjane, tangu siku ya mluzi, huenda pale kila Jumamosi baada ya chuo. Kazi yake kwa sasa ni kushika taa na kusoma mshale.